Uzi: Jina la ukoo «Calafati» la Kiitaliano na kalafati ya majahazi yetu, je, ni neno moja?

#1 Mjukuu wa Chembeu

Salamu kwenu. Kazi yangu ni kutembeza wageni Unguja, na juma lililopita nilipokea mzee mmoja wa Kiitaliano na mkewe ambao jina lao la ukoo ni Calafati. Nililisoma mara mbili kwenye karatasi ya hoteli, kwa sababu marehemu babu yangu alikuwa fundi wa kalafati, na sisi wajukuu tumekua tukilisikia neno hilo kila kaskazi ilipokwisha na vyombo vikapandishwa pwani kungoja masika yapite. Tulipofika Nungwi tukawakuta mafundi wamepiga magoti ubavuni mwa jahazi, wakisukuma pamba kwenye mishono ya mbao, nami nikamwambia mzee yule, "Kazi wanayoifanya hawa ndiyo iliyoandikwa kwenye pasipoti yako." Alisimama pale karibu nusu saa bila kupiga hata picha moja. Kwao, alisema, walijua tu kwamba jina lao linahusu meli.

Dai langu ni kwamba Calafati maana yake ni fundi wa kalafati, na kwamba Waitaliano walilipata neno kwa Waarabu kama tulivyolipata sisi. Mwenye hoja ya kuunga au kupinga naomba aiweke hapa.

#2 Mwana wa Tabora

Uzi mzuri, ila sisi wengine tumezaliwa mbali na maji ya chumvi. Kabla hamjaanza kugombea asili ya neno, naomba mtu atueleze kalafati yenyewe ni kitu gani.

#3 Fundi wa Matondoni

Ndugu wa Tabora, chombo cha mbao hata kikiungwa na fundi hodari vipi hubaki na nafasi kati ya ubao na ubao. Kukalafati ni kuziba nafasi hizo. Unachukua pamba, unaisokota iwe kamba nyembamba, unailoweka mafuta, kisha unaishindilia kwenye mshono kwa chembeu, ambayo ni kama patasi butu, ukiigonga kwa nyundo. Jicho peke yake halitoshi, kazi hii ni ya sikio. Mshono ambao haujashiba hulia mlio mwepesi, wa uwazi, na ukishashiba nyundo hurudi na mlio mzito, mfupi. Marehemu baba alikuwa akikaa mbali kabisa kivulini, na nikiruka sehemu aliniita kwa jina bila kugeuka.

Baada ya hapo hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao za juu, na chini panapokaa majini hupakwa deheni, ambayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hiyo ya Nungwi aliyoiona mgeni ni kalafati pia, ingawa sisi wa Lamu tungemwonyesha iliyoshindiliwa zaidi.

#4 Mkaazi wa Trieste

Naishi Italia mwaka wa 14 sasa, na kuhusu maana hakuna ubishi. Kwa Kiitaliano «calafato» ni fundi huyo huyo aliyeelezwa na Fundi wa Matondoni, isipokuwa kule walitumia nyuzi za katani zilizofumuliwa kutoka kamba kuukuu, na juu yake wakamwaga lami ya moto. Hadi leo mafundi wa meli za mbao hutajwa kwa pamoja kama «maestri d'ascia e calafati», yaani mafundi wa tezo na mafundi wa kalafati. Katika Arsenale ya Venezia, karakana kubwa ya serikali ambayo kwa mapokeo huhesabiwa tangu mwaka 1104, makundi mawili makubwa ya wajenzi wa meli yalikuwa marangoni, yaani maseremala, na calafati, na kila kundi lilikuwa na chama chake na kanuni zake. Yote mawili yamezaa majina ya ukoo. Marangoni mnaweza kuwa mmelisikia kwa sababu ya mwanafizikia Carlo Marangoni, na kengele kubwa ya mnara wa San Marco huitwa Marangona kwa kuwa ndiyo iliyowaita mafundi kazini. Mnara ule ulipoporomoka tarehe 14 Julai 1902, ndiyo kengele pekee iliyosalimika kati ya tano.

Ninachokitilia shaka ni sehemu ya pili ya dai lako, Mjukuu. Njia ya neno haikunyooka hivyo. Wengi hapa husema limetoka kwa Wagiriki.

#5 Mwalimu Mstaafu

Nashukuru kwa uzi huu. Nimefundisha Kiswahili na Kiarabu miaka mingi, na naunga mkono dai la #1. Kamusi za kale za Kiarabu zina kitenzi «qalafa», na maana yake inapozungumzia chombo ni kushona mbao zake kwa nyuzinyuzi za mti na kutia lami katika nafasi zake. Zingatieni neno kushona. Huo ni mtepe wetu kabisa, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, na pwani yote ya Bahari ya Hindi ilijua vyombo vya namna hiyo. Katika mzizi huo huo mna «qilf», gamba la mti. Mtu anayetafuta asili ya jina la ufundi huu ana haja gani ya kwenda mbali zaidi ya lugha ambayo ndani yake neno lina ndugu, lina mzizi na lina kazi?

Isitoshe, hilo neno Arsenale lenyewe ni la Kiarabu, «dar as-sina'a», nyumba ya utengenezaji, na mzizi wake ndio uliotupa sisi neno sanaa. Karakana ikipewa jina kwa Kiarabu, si ajabu fundi aliyemo ndani akapewa jina kwa Kiarabu.

#6 Msoma Mafunjo

Mwalimu, naheshimu hoja yako, lakini kuna ushahidi wa tarehe ambao haupaswi kupitwa. Mwezi Desemba 1041 Konstantinopoli ilipata kaisari aliyeitwa Mikaeli wa Tano, na watu walimpa lakabu ya Kalaphates, fundi wa kalafati, kwa sababu baba yake, Stefano, ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya kuinuliwa na ndugu wa mkewe waliokuwa na nguvu ikulu. Mikaeli alimfukuza malkia Zoe aliyemfanya mwanawe wa kulea, wananchi wakainuka, na kufikia Aprili 1042 alikuwa ameng'olewa madarakani na kupofushwa macho. Ina maana kwamba mnamo 1041 neno lilikuwa la kawaida mtaani kwa Kigiriki kiasi cha kutumika kumdharau mfalme.

Tunaweza kurudi nyuma zaidi. Katika karatasi za mafunjo za Aphrodito huko Misri, mwanzoni mwa karne ya 8, zilizoandikwa kwa Kigiriki wakati gavana alikuwa Qurra ibn Sharik, mafundi wa kalafati wanatajwa pamoja na maseremala waliotakiwa kwenye karakana za meli. Waarabu ndio waliokuwa watawala, lakini mafundi walikuwa Wakopti, yaani Wakristo wenyeji wa Misri, na lugha ya barua ilikuwa Kigiriki. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwalimu wa neno hili alikuwa Mgiriki na mwanafunzi akawa Mwarabu.

#7 Mwalimu Mstaafu

Kuandikwa kwanza hakumaanishi kuzaliwa kwanza, ndugu Msoma Mafunjo. Mafundi wa pwani hawakuandika. Neno linaweza kukaa midomoni mwa watu wa Bahari ya Shamu miaka 300 kabla karani mmoja wa Kigiriki hajaligusa kwa wino.

#8 Msoma Mafunjo

Nakubali. Lakini hebu tazama herufi. Mzizi wa Kiarabu ni q-l-f, herufi tatu. «Calafato» ina t, «kalaphates» ina t, na kitenzi cha Kiarabu kinachokaribiana nayo zaidi ni «qalfata», chenye herufi nne za mzizi. Hiyo t imetoka wapi? Katika Kigiriki ina maelezo, kwa kuwa «-tes» ni kiambishi cha kawaida cha mtenda kazi. Katika Kiarabu inaning'inia tu. Mimi naona «qalfata» ni neno lililoenda kwa Wagiriki likiwa «qalafa», likavaa kiambishi chao, kisha likarudi kwa Waarabu likiwa limebeba t mgongoni.

#9 Mjukuu wa Chembeu

Sikutegemea t moja iwe na safari ndefu kuliko ya mgeni wangu. Naomba tuendelee, nayaandika yote daftarini.

#10 Mwanalatini

Mbona hakuna aliyeitaja Kilatini? Nilisomeshwa seminari, na tulikuwa na kitenzi «calefacere», kupasha moto, pamoja na «calefactare», kupashapasha. Ukiangalia kazi ya fundi wa Ulaya, moto ndio kila kitu. Lami lazima ichemshwe, na chombo kikuukuu huunguzwa nje kwa moto ili uchafu wa zamani utoke kabla ya kuzibwa upya. Mshairi wa Kiitaliano Dante, mwanzoni mwa karne ya 14, alipotafuta mfano wa lami inayotokota Jahannamu, alikwenda moja kwa moja kwenye Arsenale ya Venezia wakati wa baridi, ambako mafundi walikuwa wakichemsha lami kupaka vyombo vibovu. Kwa hiyo calafato ni mpasha moto, na jina ni la Kiitaliano tangu tumboni.

#11 Mkaazi wa Trieste

Maelezo hayo ni ya zamani na yana wapenzi wake, ila yana kikwazo cha sauti. Kilatini chenye «ct» Kiitaliano hukigeuza kuwa «tt» bila kuchoka. Noctem ikawa notte, lactem ikawa latte, factum ikawa fatto. Kwa hiyo calefactare ingetupa «calefattare», yenye e na yenye tt. Neno tulilonalo ni calafatare, lenye a na t moja. Na kuhusu Dante, ukisoma mistari ile kwa makini, kwa kazi ya kuziba mbavu za chombo hakutumia calafatare hata kidogo, alitumia kitenzi kinachotokana na «stoppa», zile nyuzi za katani.

#12 Mwanalatini

Nimeishika hoja ya tt. Hata hivyo wewe unayeishi karibu na Venezia unajua kuliko mimi kwamba Kivenezia hakina konsonanti maradufu. Wao husema «fato» na «note» na «late». Ikiwa neno lilienea kutoka vinywa vya mabaharia wa Venezia, kukosekana kwa t ya pili hakuthibitishi kitu. Na majina yaliyoandikwa Calafatti yapo pia.

#13 Mkaazi wa Trieste

Hapo umenibana kwa haki. Kukosekana kwa tt naiondoa mezani, nabaki na ile a ya pili.

#14 Mwana wa Tabora

Naona wa baharini hawana haraka ya kufika bandarini. Swali langu ni la mtu wa bara. Ikiwa kazi hii ilikuwa kubwa hivyo, mbona akina Ferrari wamejaa dunia nzima, na Calafati mimi nimelisikia leo kwa mara ya kwanza?

#15 Karani wa Majina

Swali lako, ndugu wa Tabora, ndilo lililonifanya nijiunge na uzi, kwa kuwa kazi yangu ni ya kuandikisha watu na majina ndiyo mkate wangu.

Ferrari, Ferraro na Fabbri yote ni muhunzi, na muhunzi alikuwepo katika kila kijiji cha Italia, kwa sababu hakuna kijiji kisicho na jembe wala farasi. Fundi wa kalafati alikuwepo bandarini tu. Hiyo ni sababu ya kwanza. Lakini ipo ya pili ambayo watu huisahau: jina la kazi humng'ang'ania mtu pale anapokuwa peke yake mwenye kazi hiyo. Katika mtaa wa Arsenale ambako mamia ya wanaume walikuwa calafati, kumwita mtu Calafato hakukusaidia kumtambua hata kidogo, angeitwa kwa jina la baba yake, kwa kilema chake au kwa mji aliotoka. Mtu yule yule akihamia kijiji cha wakulima mlimani, siku ya kwanza tu anakuwa "yule fundi wa meli", na watoto wake wanarithi. Kwa hiyo msitarajie kulikuta jina hili kwa wingi zaidi mahali ambapo kazi ilikuwa nyingi zaidi.

Jambo jingine ni karatasi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 uliagiza maparoko waweke vitabu, na tangu hapo kilichokuwa jina la kuitana kikaanza kugandishwa kwa wino. Serikali ya Italia iliyoungana nayo ikaanza daftari zake za raia mwaka 1866. Mtoto wa calafato aliyekuwa mchunga mbuzi akaendelea kuandikwa Calafato.

#16 Binti Fundi

Hayo ya #15 yametokea kwetu wazi kabisa. Jina langu la tatu ni Fundi. Babu yangu alikuwa fundi cherehani, peke yake katika kijiji chetu Mkuranga, na watu wote walimwita Fundi hata mkewe. Baba alipopelekwa kuanza shule, mwalimu wa kuandikisha aliuliza jina la baba, mtoto akajibu "Fundi", ikaandikwa. Jina halisi la babu halimo kwenye cheti chochote cha familia yetu. Mimi sijui hata kutunga uzi kwenye sindano ya mashine, na wanangu wataitwa hivyo hivyo.

#17 Mwalimu Mstaafu

Nakupa pole na hongera kwa pamoja, binti yangu. Andika jina la babu yako mahali, wajukuu watalihitaji.

#18 Mkaazi wa Trieste

Naomba niongeze jambo kuhusu irabu ya mwisho, maana #1 aliandika Calafati na wengine tunasema Calafato. Kusini, hasa Sisilia, jina husikika kwa o, yaani fundi mmoja. Lenye i lina maelezo mawili yanayoshindana. Wapo wanaosema ni wingi, "akina Calafato", familia nzima. Wapo wanaosema ni mabaki ya Kilatini cha makarani, walioandika "mwana wa calafatus" kwa hali ya umilikaji, «filius calafati», na karani wa baadaye akaikata ile «filius».

Tena kuna mlango wa tatu. Hapa Trieste, baada ya mji kutangazwa bandari huru mwaka 1719, Wagiriki wengi walihamia na kufanya biashara. Mgiriki aliyeitwa Kalafatis, jina ambalo kwao ni la kawaida hadi leo, akiandikwa na karani wa hapa hukosa ile s ya mwisho na kuwa Calafati. Jina linaonekana la Kiitaliano kumbe ni Mgiriki aliyebadili kanzu. Mfano upo: Basilio Calafati, aliyezaliwa hapa Trieste mwaka 1800 katika familia yenye asili ya Ugiriki, akawa mfanya mazingaombwe mashuhuri Vienna.

#19 Mpanda Treni

Calafati wa Vienna? Nilikwenda kwenye viwanja vya Prater nikaonyeshwa sanamu kubwa ya Mchina linaloitwa Calafati. Nilidhani ni jina la Kichina.

#20 Mkaazi wa Trieste

Sanamu ni la Mchina lakini jina ni la mwenye bembea. Basilio ndiye aliyelisimamisha katikati ya bembea yake ya farasi, watu wakalihamishia jina lake. La zamani liliungua mwaka 1945, unaloliona leo ni la mwaka 1967. Kwa hiyo jina la fundi wa kuziba meli limeishia kwa Mchina wa mbao katika mji usio na bahari.

#21 Mpanda Treni

Nashukuru kwa kunisahihisha. Basi niongeze na hili: kuna mji wa Romania uitwao Calafat, ukingoni mwa mto Danube, ng'ambo ya Vidin. Wenyeji huhadithia kwamba watu wa Genova waliuanzisha karne ya 14 na mafundi wao walikuwa wakitengeneza vyombo pale. Na kule Argentina kuna El Calafate.

#22 Msoma Mafunjo

El Calafate tuiweke pembeni kidogo, kwa sababu mji ule umepewa jina la kichaka cha miiba chenye matunda ya zambarau, na kichaka ndicho kinachodhaniwa kupata jina kwa mabaharia. Ni binamu wa mbali. Ile Calafat ya Danube inatuhusu zaidi, kwa kuwa yumkini familia nyingine ziliitwa Calafati kwa sababu ya mahali walikotoka, bila babu hata mmoja kushika nyundo. Hapo jina linakuwa la kazi kwa asili ya neno tu, lakini si kwa historia ya ukoo.

Na nikirudi kwa kaisari wetu: baba yake, Stefano, aliongoza meli za vita za Wagiriki kwenda Sisilia katika kampeni ya miaka ya 1038 hadi 1040. Sisemi kwamba akina Calafato wa Sisilia ni wajukuu zake. Nasema kwamba Kigiriki na Kiarabu vilikutana kisiwani humo humo, karne hiyo hiyo, na mafundi wa lugha zote mbili walikuwa wakiziba vyombo ufukweni. Mtu wa Sisilia aliyelipokea neno angeweza kulisikia sikio la kulia kwa Mgiriki na sikio la kushoto kwa Mwarabu siku moja.

#23 Mswahili wa Maskati

Nimesoma kimya tangu jana, ila sasa lazima niseme ya huku Ghuba. Mjenzi wa majahazi huku huitwa «qallaf», wengi hulitamka gallaf, na Al-Qallaf ni jina la ukoo Kuwait na Bahrain. Ni jina la kazi kama hilo la Waitaliano, la fundi wa meli, tena halina t. Hii inampa nguvu Mwalimu, kwamba mzizi wa herufi tatu ulikuwa hai wenyewe kwenye bahari yetu, bila kumhitaji Mgiriki.

Lakini inampa nguvu mwenzake pia, kwa sababu kazi yenyewe ya kuziba mishono huku huitwa «kalfat», yenye t. Fundi hana t, kazi yake inayo. Mimi mwenyewe sijui niegemee wapi.

#24 Mjukuu wa Chembeu

Basi swali linaturudia sisi. Hiyo kalafati yetu tuliletewa na nani? Nilikuwa na hakika ni Oman.

#25 Mwanalatini

Msiwasahau Wareno. Walifika pwani hii mwaka 1498, wakakaa, na kwa Kireno fundi huyo ni «calafate». Linganisha: calafate, kalafati. Irabu zote zipo mahali pake, na e ya mwisho ya Kireno kwetu hugeuka i kirahisi. Walituachia meza, bendera, gereza na parafujo, kwa nini wasituachie na hili, ilhali meli zao ndizo zilizokuwa zikivuja kuliko zote baada ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema?

#26 Mwalimu Mstaafu

Kwa sababu sisi tulikuwa na vyombo kabla yao, mwanangu. Watu waliovuka kwenda Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi hawakungoja Vasco da Gama aje awafundishe kuziba tundu. Na hizo irabu unazozihesabu hazithibitishi, kwa kuwa Kiswahili kikikutana na konsonanti mbili zilizobanana huzitenganisha kwa irabu. Kalfat ikifika kinywani mwa Mswahili huwa kalafati bila msaada wa Lisboa.

#27 Mwanalatini

Ila Mwalimu, vyombo vyetu vya kale vilishonwa. Kuziba kwa pamba na chembeu kunahitaji mbao zilizokazwa kwa misumari, kwa maana chombo kilichoshonwa ukikishindilia kwa nyundo unaweza kukata kamba zake. Inawezekana ufundi wa misumari na neno la kuziba vilifika kwa jahazi moja. Na kama ni hivyo, je, «qalafa» ya kamusi zako, ya kushona kwa nyuzinyuzi, ni kazi ile ile kweli, au ni jina la zamani lililohamishiwa kazi mpya?

#28 Fundi wa Matondoni

Hapo mmegusa mambo ya mikono, nami nijibu. Wazee wetu walituambia mtepe nao ulizibwa, ila haukugongwa kwa nguvu. Matundu ya kamba yalizibwa moja moja kwa vigingi na nyuzi za makumbi. Kazi ni tofauti kabisa. Nilichokiona kwa macho yangu ni jahazi la misumari tu, kwa hiyo zaidi ya hapo nawaachia wenye vitabu.

#29 Mjukuu wa Chembeu

Wakuu, nina jipya. Nilimtumia mzee Calafati muhtasari wa uzi huu, na jana usiku akanijibu. Ukoo wake unatoka Calabria, kusini kabisa. Binamu yake alikwenda parokiani akapiga picha ya kitabu cha ubatizo, na babu wa babu yake ameandikwa Calafato, kwa o. Mtoto wake kwenye ukurasa mwingine ameandikwa Calafati, kwa i. Kazi ya wote wawili imetajwa kuwa ni mkulima.

#30 Mkaazi wa Trieste

Basi yule siye Mgiriki wa Trieste aliyepoteza s yake. Kwa habari ya i, ukoo huu umebadilika mkononi mwa karani tu, na wala si kwa sababu ya Kilatini.

#31 Msoma Mafunjo

Usimwondoe Mgiriki haraka. Calabria ya kusini ina vijiji ambavyo Kigiriki kimesemwa hadi nyakati zetu, chini ya mlima Aspromonte. Kalafatis angeweza kuwa Calafato pale pale bila kupanda meli.

#32 Karani wa Majina

Mjukuu, kabla hatujaenda mbali, mwulize jambo moja. Parokia hiyo iko ufukweni au juu?

#33 Mjukuu wa Chembeu

Nimemwuliza asubuhi hii. Ni kijiji cha mlimani, anasema, chenye mizeituni na mbuzi, na bahari huonekana kwa mbali siku isiyo na ukungu.